Gunia thelathini kwa mwaka

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipoi. Ndugu wa Isyonje, jirani wa Uyole, mama mmoja wa kanisani Ilomba ambaye tunajuana kwa sura tu. Wote wanauliza jambo moja: mtoto amepata nafasi chuo binafsi, ada ni kubwa, sasa inalipa au tunajitafutia madeni? Wananiuliza mimi kwa sababu nilisomea uhasibu chuo binafsi mjini Iringa, na leo nashika vitabu vya SACCOS moja hapa Mbeya. Wanaamini mtu wa hesabu hakosi jibu la hesabu. Jibu ninalo, ila ada ndani yake ni kipande kidogo.

Kwetu ni Isyonje, pale barabara ya Kitulo inapochepuka kutoka ile ya Tukuyu. Tunalima viazi mviringo. Anayejua viazi vya huko anajua na lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, linashonewa kilemba cha kamba, viazi vinaongezwa juu yake mpaka vijana wawili wanalinyanyua kwa kuguna. Kilo 100 zimepitwa zamani, lakini dalali analipa gunia moja. Baba yangu hesabu yoyote kubwa huipiga kwa gunia. Bati za nyumba, gunia kadhaa. Mahari ya kaka, gunia kadhaa. Barua ya chuo ilipokuja na mchanganuo wa ada, akauliza hivyo hivyo: "Mama, hii ni gunia ngapi?" Ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

Wasomi wenzangu huwa wanacheka nikiwasimulia. Mimi naona ndicho kipimo cha haki kuliko shilingi. Gunia hilo hilo linaweza kuuzwa elfu sabini viazi vikiadimika, na likauzwa elfu thelathini Isyonje yote ikivuna kwa mkupuo na Fuso za Dar es Salaam zikachelewa kupanda. Ada haingoji bei ipande. Kwa hiyo nilipochukua karatasi nikapiga kwa elfu thelathini na tano, bei ya mwaka mbaya kidogo, na nikamwambia Baba tusitumie bei nyingine.

Ilikuwa 2018. Mwaka mmoja kabla, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ilikuwa imeachana na ule mfumo wa kuomba vyuo vyote kupitia kwake, kila mwombaji akawa anaomba chuoni moja kwa moja. Nilikuwa na daraja la pili la mchepuo wa ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Nikachaguliwa sehemu mbili: UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma cha Serikali, kusoma sosholojia, na chuo binafsi Iringa kusoma uhasibu. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba maalumu kwenye simu, unathibitisha kimoja, vingine vinaachia nafasi yako. Nilikaa na namba ile siku kadhaa kwenye simu ya Mama, maana yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka.

Mjomba, mwalimu wa shule ya msingi kule Tukuyu, alipanda siku hiyo hiyo aliyosikia. Msimamo wake ulikuwa mmoja: cha Serikali ni cha Serikali. Na hakuwa anaongea hewani. Julai 2017 TCU ilikuwa imevizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vingine vikazuiwa kozi baadhi tu. Kijijini habari ile ilifika ikiwa imefupishwa: vyuo binafsi vimefungwa. Mjomba aliogopa tuuze viazi miaka mitatu halafu nirudi na cheti kisichotambulika.

Hofu yake ilinifundisha kitu ambacho nawaambia watu hadi leo. Niliingia kwenye kibanda cha intaneti pale Uyole, nikafungua mwongozo wa udahili wa TCU, nikatafuta jina la chuo, kisha jina la kozi yenyewe, kama lilivyoandikwa kwenye barua, neno kwa neno. Wengi wanaishia kwenye jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa hai na kozi yako ikawa imesimamishwa, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ya kwangu ilikuwemo. Nikamchapishia Mjomba ukurasa ule, akausoma mara mbili, akaukunja akautia mfukoni.

Uamuzi hata hivyo haukutokana na karatasi ile. Baba aliuliza swali moja akiwa anamenya muwa: "Huyo wa uhasibu na huyo wa sosholojia, AMCOS mahesabu yakigoma wanamwita nani?" AMCOS ni chama cha ushirika cha wakulima. Tukacheka, Mjomba naye. Nikathibitisha Iringa.

Niseme kidogo kuhusu vyuo vyenyewe, kwa kuwa watu wa huku tunavichanganya. Nyanda za Juu Kusini hatuna uhaba. Vya umma vipo: MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, pale Iyunga, ndaki ya Mzumbe mjini Mbeya, Mkwawa kule Iringa ambacho ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vya binafsi karibu vyote ni vya makanisa. Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri, zamani kikiitwa Tumaini. Ruaha ni cha Wakatoliki, kama kilivyo Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya. Teofilo Kisanji ni cha Wamoravian na kimebeba jina la askofu wao. Kwa hiyo mtu akisema "binafsi" akafikiria tajiri mmoja aliyefungua biashara, anakosea picha. Na kosa jingine, hili nalikuta kwa wazazi wengi mno: wanadhani Bodi ya Mikopo haikopeshi wanafunzi wa vyuo binafsi. Inakopesha. Mimi nimekopeshwa.

Sasa hesabu. Ada yangu ilikuwa milioni moja na laki nne. Bodi ilinipangia laki saba ya ada, yaani nusu, na fedha ya chakula na malazi, bumu kwa lugha yetu, ambayo wakati ule ilikuwa 8,500 kwa siku. Siku hizi ni 10,000. Ilikuwa inaingia kwa siku sitini sitini, 510,000 kwa mkupuo, na ikiingia mtaa wa Kihesa mzima unajua: foleni kwenye mashine za benki, chipsi zinapanda bei, wenye mageto wanapita kukumbusha. Kodi ya geto nililipa humo humo kwenye bumu, elfu arobaini kwa mwezi, tukiwa wawili chumba kimoja. Nyumbani wakabaki na laki saba ya ada, na ile mistari midogo midogo iliyo chini ya ada ambayo hakuna anayeisoma mpaka afike dirishani: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, 20,000 ya TCU ya ubora, 50,400 ya bima ya afya. Yangu ilikuwa inakaribia laki mbili na nusu. Weka nauli ya Uyole mpaka Iringa na kurudi, weka kudurufu hendiauti, imefika milioni moja na elfu hamsini.

Gunia thelathini. Kila mwaka. Karibu nusu ekari ya shamba letu ilikuwa inasoma uhasibu.

Nikapiga na ya UDOM kwa kipimo kile kile. Ada ndogo zaidi, na sehemu kubwa ingebebwa na Bodi. Mabweni yapo mengi na nafuu. Ingetoka kama gunia kumi kwa mwaka. Tofauti ni gunia ishirini, mara miaka mitatu, gunia sitini, milioni mbili na laki moja. Mkopo wa chakula ungekuwa ule ule kote kuwili, na deni la Bodi lingekaribiana. Kwa hiyo bei halisi ya kuchagua binafsi, kwa nyumba yetu, ilikuwa milioni mbili na laki moja ya pesa taslimu. Tafadhali ikumbuke namba hiyo.

Mwaka wa pili bei ya viazi ilianguka vibaya. Chuo kilikuwa na utaratibu wake, kama vilivyo vingi: hujamaliza ada ya muhula, hupewi kibali cha mtihani. Mtihani wa kwanza ulikuwa asubuhi, mimi nimepungukiwa laki moja na themanini. Baba aliuza viazi vikiwa bado shambani, kabla havijakomaa, kwa dalali aliyemkuta stendi ya Uyole, akanitumia kwa simu usiku. Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni mwa benki. Nilipata kibali mtihani umeshaanza, nikaingia msimamizi akiwa anasoma onyo la wachelewaji. Nilifaulu somo lile. Kwa viazi vile Baba alipata nusu ya ambacho angepata baada ya mwezi mmoja, na nusu ile iliyopotea haipo kwenye mchanganuo wowote wa ada niliowahi kuuona. Tangu hapo mtu akiniuliza kama ataweza ada, namuuliza kwanza pesa yake inaingia mwezi gani.

Nilipata nini kwa gunia zile? Darasa letu lilikuwa dogo, na hilo lina maana kubwa kuliko majengo. Mhadhiri wa ukaguzi alikuwa mkaguzi mstaafu. Hakuwa na shahada nyingi kama vijana, lakini alikuwa amefungua makabati ya halmashauri nyingi na alikuwa na hasira nayo. Alitufundisha mambo ambayo hayamo kwenye hendiauti. Moja ni hili: hesabu zikikataa kulingana, chukua tofauti ugawe kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, acha kutafuta wizi kwanza, tafuta tarakimu zilizopinduliwa.

Mafunzo kwa vitendo nilifanyia SACCOS moja Mwanjelwa. Wenzangu wengi walikimbilia ofisi kubwa, wakarudi wakisimulia chai na kudurufu. Mimi meneja, mama mmoja mkavu wa maneno, alinipa boksi la vocha za miezi mitatu na taarifa ya benki, akaniambia, "Binti, hiyo haijalingana tangu Machi." Ilikuwa imepishana 27,000. Karani alikuwa ameshaanza kutazamwa vibaya. Nikagawa kwa tisa, ikatoka elfu tatu kamili. Nikaanza kupitia vocha moja moja nikitafuta tarakimu mbili zilizobadilishana viti, na siku ya pili mchana nikaikuta: rejesho la mkopo la 58,000, kwenye daftari la fedha limeandikwa 85,000. Vocha ilikuwa na doa la mafuta ya taa, na sahihi ya karani imeandikwa kwa haraka. Meneja aliitazama muda mrefu. Hakunisifu. Alimwita karani akamwambia, "Kaa, unywe chai."

Miezi kadhaa baada ya mahafali ya 2021, mama yule ndiye aliyenipigia simu. Ndiyo ajira niliyonayo.

Basi mtu angesema, imelipa. Subiri.

Kabla ya simu ile nilikuwa nimezunguka. Niliomba kazi kampuni moja ya Dar es Salaam, usaili wa kwenye simu, na swali la pili la yule kijana wa rasilimali watu lilikuwa: "Hicho chuo kiko wapi tena?" Nikamweleza. Akasema "aaah, sawa", na nadhani usaili uliishia hapo ingawa tuliongea dakika nyingine kumi. Nikaomba pia serikalini, kwenye Ajira Portal. Tangazo lilitaka shahada kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, basi, jina la chuo halikutajwa. Tulikwenda Dodoma kwenye usaili wa mchujo, umati wa watu, shati nyeupe hadi nje ya uzio. Mtihani ule haukujua nani katoka chuo gani. Nikashindwa sambamba na watoto wa vyuo vikubwa. Kwa hiyo wanaosema cheti cha binafsi hakithaminiwi, na wanaosema cheti ni cheti, kila mmoja anasema kweli kwa mlango aliobisha yeye. Sekta binafsi ya mjini inaangalia jina. Serikali inaangalia alama zako siku ile. Na SACCOS ya Mwanjelwa ilikuwa imeniona nikifanya kazi.

Mshahara ulipofika laki sita nilianza kuona kwenye hati ya malipo mstari wa Bodi: asilimia 15, shilingi 90,000 kila mwezi, kabla sijashika chochote. Sheria ndivyo ilivyo tangu marekebisho ya 2016. Kabla ya hapo makato yalikuwa asilimia 8. Deni langu lilikuwa kama milioni nane. Gawa mwenyewe: miaka saba na ushee mshahara ukibaki hapo. Nilibahatika kitu kimoja, mwaka ule ule niliomaliza, Mei Mosi 2021, Rais Samia alitangaza kuifuta ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inavimbisha madeni ya waliotutangulia. Silalamiki. Bila Bodi nisingesoma popote, iwe Dodoma au Iringa. Nataja ili mzazi ajue kwamba mtoto akipata kazi ya laki sita, hatarudisha gunia nyumbani upesi kama anavyotarajiwa.

Sasa ndipo ile namba inaporudi. Mhasibu mwenye shahada tu ana paa juu ya kichwa. Kutaka kuwa mhasibu mkuu mahali pa maana, kutaka kusaini hesabu zilizokaguliwa, unahitaji CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, kwa mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi, inayofanyika Mei na Novemba. Wenye shahada ya uhasibu tunaanzia ngazi ya kati, ngazi ya chini tunaruka, na hiyo ni faida halali ya shahada. Lakini mitihani ina ada, kila somo na ada yake, kuna usajili, kuna vitabu, kuna madarasa ya jioni ambayo bila hayo mtu aliyeajiriwa anajidanganya. Nilipojumlisha mpaka ngazi ya mwisho, kama ningefaulu bila kurudia, ilikaribia milioni mbili.

Milioni mbili. Ile tofauti ya Iringa na Dodoma, karibu yote. Nyumba yetu ilikuwa imeitumia tayari, na wadogo zangu wakawa nyuma yangu wakisubiri gunia zao. Kwa mshahara uliokatwa 15 na kodi ya nyumba ya Sae, nilikaa muda mrefu kabla sijaanza ngazi ya kati. Shahada ilinisubiri kabatini ikiwa nusu ya kazi.

Hiki ndicho ninachowaambia wanaonipigia, na wengi hawakipendi: msipime chuo binafsi kwa ada na cheti peke yake, pimeni pamoja na mlango wa pili. Kozi nyingi tunazokimbilia huku zina mlango wa pili. Mhasibu ana NBAA. Mwanasheria ana Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, na asipopita pale hasimami mahakamani kama wakili. Mwalimu sasa ana usaili, wakati enzi za Mjomba ulikuwa unamaliza chuo unapangiwa kituo. Ukimaliza pesa yote mlango wa kwanza, unafika wa pili mikono mitupu.

Mwenzangu wa geto, aliyenitangulia mwaka, alisoma sheria. Alikuwa mzuri kuliko mimi kwa kila kitu, anaamka saa kumi kusoma kesi kwa sauti mpaka naota majaji. Familia yake kule Makambako iliuza kiwanja kumalizia ada ya mwaka wa mwisho. Akaenda Shule ya Sheria, akawa kwenye kundi lile la 2022 ambalo habari zake zilijaa magazetini: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe, huyu wetu wa Kyela, kuchunguza kulikoni. Maneno yalisemwa mengi, kwamba vyuo vinapitisha watu wabovu, kwamba Shule yenyewe inakaanga watu, na vyuo vya umma na vya binafsi vyote vilikuwa na watu wake kwenye lile rundo la walioanguka. Mimi sikushughulishwa na nani mwenye kosa. Nilimfikiria mwenzangu, chumba cha kupanga Sinza, hana ndugu wa kufikia, marudio yanalipiwa, na kiwanja kimeshauzwa. Alirudi Makambako kuuza mbao na kaka yake ili akusanye. Alirudia, akafaulu. Wakili sasa, na mzuri. Lakini niliwahi kumuuliza angebadili nini, akajibu bila kufikiri: "Ningekwenda chuo cha nafuu, kiwanja nikauze nikiwa Dar."

Upande wa pili yupo binamu yangu, aliyekwenda UDOM kusoma sosholojia ile ile niliyoiacha. Ni afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri moja mkoa wa Songwe, mshahara wa Serikali, ana pikipiki ya kazi. Mjomba hakosi kumtaja tukikaa kula. Haki yake. Ila na yeye alikaa nyumbani miaka kabla ya kupata, akilima mpunga Mbarali, na mlango wake wa pili ulikuwa kusubiri. Kusubiri nako kuna gharama, ingawa hakuna anayekutolea risiti.

Mdogo wetu wa mwisho kamaliza kidato cha sita mwaka huu na anataka sheria. Amepata alama za kutosha chuo binafsi, na za kubahatisha cha umma. Safari hii sikungoja barua. Tulikwenda naye kwenye vyuo viwili, Jumanne, masomo yakiendelea. Siku za maonyesho chuo kinavaa suti, usiende siku hizo. Sikwenda ofisi ya udahili kwanza. Nilikaa kwenye mgahawa wa wanafunzi, nikanunua chai, nikawauliza mabinti wa mwaka wa pili: mwalimu wa sheria ya mikataba anakuja siku gani? Chuo cha kwanza walitazamana wakacheka. Anakuja kutoka Dar, wakasema, anafundisha asubuhi mpaka usiku wiki mbili, anaondoka, mnabaki na picha za ubao kwenye simu. Chuo cha pili binti mmoja alinyoosha kidole: "Si yule pale anakula wali." Kwa hilo peke yake nilikuwa nimeshapata nusu ya nilichokifuata.

Maktaba nayo niliingia. Sikuhesabu vitabu. Niliangalia kama viti vina watu na kama ripoti za kesi zina vumbi. Ofisini niliuliza wahitimu wao wa miaka mitatu iliyopita wako wapi Shule ya Sheria, wangapi wamepita. Wa chuo cha kwanza aliniambia hiyo ni siri ya wanafunzi. Wa pili alisema hana takwimu kamili, lakini akanipa jina la chama cha wahitimu na akaniambia kuna mawakili wake wawili hapa Mbeya, nikawaulize. Niliwaendea. Mmoja alilalamikia chuo chake nusu saa nzima, na malalamiko yake yalikuwa ya mtu aliyesoma kweli.

Tukarudi nyumbani, tukapiga hesabu kwa gunia kama kawaida. Chuo cha pili ni ghali kuliko cha kwanza kwa kama gunia sita kwa mwaka. Mdogo wangu akadhani nitamkataza. "Dada, basi niende kile cha nafuu?" Nikamwambia hapana, tofauti hiyo ni ya yule mwalimu anayekula wali pale pale chuoni, ilipe. Lakini masharti niliweka mawili. Kwanza, tujaze na chuo cha umma, na nafasi ikitoka huko kwa sheria, aende huko bila kulia. Pili, gharama ya Shule ya Sheria, na chumba cha Dar, na marudio ya somo moja walau, ianze kuwekwa akiba mwaka wa kwanza, kabla hajanunua hata kompyuta mpakato. Isipowezekana kuweka, basi hatuna uwezo wa chuo hicho, hata kama ada tunaiweza.

Baba alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Sasa hivi kuna na miparachichi, michanga bado lakini ile ya kwanza imeanza kutoa, na parachichi lina msimu wake tofauti na viazi, kwa hiyo muhula wa pili hauna tena shida ile ya zamani. Akasema viazi vitalipa ada, parachichi litalipa Dar. Mama aliuliza kwa nini mtoto asisome ualimu, akajibiwa na watu watatu kwa pamoja, akanyamaza, ingawa sina hakika kama amekubali.

Mimi niko ngazi ya mwisho ya CPA, nalipa mwenyewe somo kwa somo. Mjomba hajaridhika. Anasema pesa inayosubiri miaka minne nyumba ya mkulima italiwa na msiba tu, kwamba hajawahi kuona akiba ya namna hiyo ikifika. Kwa hilo sikubishana naye, maana nimeona vitabu vya wanachama wangu. Ndiyo sababu nimeifungua kama amana ya muda maalumu, kwa jina la mdogo wangu, sahihi ya pili ya Mjomba mwenyewe, na haitoki kabla ya 2029.